Alama za Ukurasa wa Tatu

Bilha Wamaitha alizaliwa Makindu, Ukambani, nyuma ya duka la vipuri la baba yake, na ingawa amefika miaka hamsini na mitatu bila kuuhama mji huo, bado wapo wanaomuuliza kwao ni wapi. Baba yake, mzee Gathua, alitoka Murang'a kwa Wakikuyu akiwa kijana, akafungua duka kando ya barabara ya Mombasa, akamzika mke wake hapo, na siku yake ilipofika naye akazikwa hapo. Bilha alijua Kikamba kabla ya Kikuyu, na hata sasa akikasirika hukasirika kwa Kikamba. Lakini mwaka wa uchaguzi ukikaribia watu hulikumbuka jina lake la pili, naye huanza kupunguza maneno sokoni, anunue vitu vyake na kurudi nyumbani. Ni vizuri jambo hilo lijulikane mapema, kwa kuwa ndilo lililomfunza kunyamaza hata mahali ambapo kazi yake ilikuwa ni kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa katika kituo cha kanisa kinachohudumia watu wazima wenye ulemavu. Walikuja kama thelathini hivi, wengine vipofu, wengine viziwi, wengine wa kusukumwa kwa kiti cha magurudumu. Walisuka viondo, wakafanya mazoezi ya viungo, wakaonana na nesi, na zaidi ya yote wakaonana wao kwa wao. Pasta Evanson Mutiso ndiye aliyekuwa mkuu. Bilha ndiye aliyekuwa na cheti cha ustawi wa jamii, kwa hiyo kila Mei chuo kimoja cha hapo mjini kilipoleta wanafunzi wake wa kozi hiyo kwa mafunzo ya nyanjani, yeye ndiye aliyewasimamia hadi Agosti.

Mwishoni alijaza fomu ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa majina na tarehe, wa pili wa kufika kwa wakati, usafi na utii. Ukurasa wa tatu ulikuwa na sentensi moja kubwa kuliko zote: "Mwanafunzi anatambua na kuheshimu tofauti za watu na kutetea haki za wanaohudumiwa." Chini yake palikuwa na visanduku vitano, kuanzia moja hadi tano. Msimamizi alitakiwa kutia alama kwenye kimoja.

Miaka ya mwanzo Bilha alitia alama kwa dhamiri yake. Kisha ukaja mwaka mmoja wa uchaguzi, wakati msichana fulani aliyekuwa chini yake alikataa kabisa kumshika mkono mzee mwenye makovu ya ukoma, na akawacheka wenzake waliomshika. Bilha alimwita, akamweleza, akamweleza tena. Mwisho akampa mbili. Msichana akarudia mwaka. Wiki moja kabla ya kura baba yake alifika kituoni na wanaume wawili. Hakutukana. Alisimama kwenye geti, akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, kwamba kuna watu waliopokewa hapa kama wageni na sasa wanaandika mabaya ya watoto wa wenyeji. Halafu wakaondoka. Pasta Mutiso alimwita Bilha ofisini, akaomba naye, kisha akamshauri awe mpole na kalamu.

Tangu mwaka huo Bilha aliandika nne. Hakuandika tano, maana tano ingefanya mtu ajiulize kama aliisoma fomu. Nne haikuulizwa swali na yeyote. Wanafunzi wazuri walipata nne na wabaya wakapata nne, na mwanafunzi aliyemwita kila kipofu "mzee" bila kujua jina la hata mmoja naye alipata nne.

Mutunga alikuja mwaka wa nne wa zile nne. Alikuwa kijana wa Matiliku, mrefu, shati limepigwa pasi, na alifika asubuhi kabla ya Bilha mwenyewe. Alifagia bila kuambiwa. Wazee walimpenda. Katiba aliijua kwa namba za vifungu; ukimuuliza kuhusu watu wenye ulemavu angekusomea kifungu cha hamsini na nne kama aya ya Biblia, kwamba wana haki ya kutendewa kwa heshima na haki ya kutumia lugha ya ishara. Bilha alimsikiliza akafikiri kwamba huyu, angalau, nne yake haitakuwa ya uongo.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi aandike historia kamili ya mtu mmoja anayehudumiwa. Mutunga alimchagua Mbithe.

Mbithe alikuwa na miaka thelathini na moja. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa na miaka minne. Alisoma shule ya viziwi mpaka darasa la tatu, baba yake akafa, akarudishwa nyumbani. Kwa hiyo ishara zake nusu zilikuwa za shuleni na nusu za kwao, alizozitunga yeye na mama yake. Bilha alizijifunza polepole kwa miaka saba, wamekaa pamoja na mkonge mapajani. Mbithe ndiye aliyempa jina: aligusa mwanya wa meno ya mbele, na kituo kizima kikajua ni Bilha anayesemwa. Alikuwa mwongeaji. Alipokuwa na habari, kiondo kiliwekwa chini na mikono haikupumzika mpaka habari iishe, na mara nyingi ilikuwa habari ya kumchekesha mtu. Mama yake alipofariki alibaki na kaka yake Kimeu, na Kimeu ndiye aliyemleta kwa pikipiki na kumrudisha.

Siku ya mahojiano Bilha aliahidi kuwa mkalimani. Nesi akamchelewesha, na alipofika mlangoni alikuta kazi imeanza. Mutunga alikuwa ameketi akitazamana na Kimeu, daftari gotini, akiuliza na kuandika. Mbithe alikuwa kwenye benchi la pembeni kama mzigo unaosubiri basi. Akagonga meza. Mutunga alipogeuka, Mbithe alichora kwa mikono nyumba, akachora mlango, kisha akakunja ngumi na kuipiga begani pake mwenyewe. Mara moja, halafu tena.

Mutunga alimtazama Kimeu. Kimeu akacheka kidogo, akasema dada yake anaomba chakula. Mutunga akaandika.

Bilha aliiona ile ngumi. Alijua chakula katika mikono ya Mbithe kilivyokuwa, na hakikuwa hivyo. Alisimama mlangoni na maneno mdomoni, na Kimeu akainuka, akasema kwa adabu kwamba wana haraka, akamshika dada yake mkono wa juu, wakapita. Baadaye, wakinawa mikono, Bilha alimwambia Mutunga siku nyingine ajaribu kuongea na Mbithe mwenyewe. Mutunga akajibu sawa, Madam, na akamshukuru. Wiki iliyofuata Bilha alimuuliza Mbithe juu ya ngumi. Mbithe alitazama dirisha, kisha akafanya ishara ya jambo lililokwisha. Bilha aliliacha hapo. Alikuwa na watu ishirini na tisa wengine, alijiambia, na mtu akisema limekwisha, limekwisha.

Mwalimu Kitheka wa chuo alikuja Julai kumpima Mutunga. Alikuwa na vituo vitatu vya kuzunguka siku hiyo, kwa hiyo alikaa dakika arobaini. Alimuuliza kijana tofauti za watu maana yake nini, haki za binadamu zimegawanyika vipi, na atoe mfano wa jinsi alivyozitetea hapa kituoni. Mutunga alisoma kifungu cha hamsini na nne. Akatoa mfano wa Mbithe: alimpa nafasi, alisema, ya kusimulia maisha yake mwenyewe. Mwalimu aliandika akitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia Bilha, akamuuliza kama ana la kuongeza. Bilha alisema kijana ni mchapakazi. Mbithe alikuwa chumba cha pili, anasuka. Hakuna aliyefikiria kumwita aulizwe, na Bilha hakufikiria pia. Agosti akatoa fomu, akafika ukurasa wa tatu, akaandika nne. Ripoti ya Mutunga ilisomwa darasani kama mfano wa kuigwa.

Mutunga alihitimu, na baada ya muda akapata kazi katika shirika moja dogo la kutetea haki za watu maskini, lenye ofisi juu ya duka la mbolea hapo hapo mjini. Bilha alipokutana naye njiani walisalimiana vizuri.

Agosti, miaka miwili baada ya ile fomu, kanisa lilikuwa na kongamano la wiki nzima na kituo kikafungwa. Bilha alikwenda Kikima kumzika rafiki yake wa kwaya, akalala huko siku kadhaa kuwasaidia waliofiwa. Jumamosi Pasta Mutiso alimpigia simu. Alianza kwa kumuuliza kama ameketi. Mbithe alikuwa amekutwa amekufa jikoni kwao, kichwa kimepasuliwa. Majirani walimkamata Kimeu kabla hajafika barabarani, wakamkabidhi kwa polisi. Alitaka nyumba ya mama yao kwa ajili ya mke aliyemleta, na Mbithe alikuwa amekataa kutoka.

Shangazi wa Mbithe hakutaka kuingia mochari peke yake, kwa hiyo Bilha aliingia naye. Aliona jeraha lililomuua. Aliona pia mabegani alama nyingine zilizokwisha kugeuka manjano, na hizo ndizo alizokwenda nazo nyumbani. Askari aliyeandika maelezo alimuuliza kama marehemu aliwahi kulalamika popote. Bilha akasema hajui. Askari akafungua ukurasa mwingine, akamsomea. Shahidi mmoja, mwenye duka la mbolea, alimwona Mbithe Jumanne akipanda ngazi za lile shirika, na jioni akamwona akishuka na kaka yake.

Jumatatu asubuhi Bilha alipanda ngazi hizo. Mutunga alikuwa mezani, na alipomwona akasimama kama mwanafunzi. Macho yalikuwa mekundu. Hakujaribu kukana. Alitoa faili mwenyewe, akamwekea mbele. Mbithe alikuja saa nne, alisema, akavua leso begani akaonyesha. Alimkumbuka kutoka kituoni, ndiyo sababu akamjia yeye. Alifanya ishara nyingi kwa haraka. Mutunga hakuelewa, akatafuta namba ya Kimeu, akamwita aje atafsiri.

Bilha alisoma karatasi. "Mteja amesikilizwa kupitia jamaa wa karibu. Ni mgogoro wa kifamilia. Wamepatanishwa na kurudi nyumbani pamoja." Chini palikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau.

"Mbithe anajua kuandika jina lake," Bilha alisema. "Alijifunza shuleni."

"Kaka yake alisema hajui."

"Kwa nini hukunipigia simu? Ungeniambia tu yuko hapa, ningetoka Kikima."

Mutunga alilifunga faili. Alipoongea hakuongea kwa hasira, na hilo ndilo Bilha alilolibeba muda mrefu baadaye, kwamba kijana hakuwa akijitetea, alikuwa akiuliza.

"Madam, hivi ndivyo nilivyofanya pale kwako. Nilimhoji kupitia huyu huyu kaka yake, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Mwalimu alipokuja nikamwambia mbele yako kwamba ameeleza maisha yake mwenyewe, na hukusema kitu. Ukanipa nne. Mimi nilijuaje kwamba ni makosa?"

Bilha alitaka kumkumbusha yale maneno ya wakati wa kunawa mikono. Akayapima, akaona ni mepesi sana. Akamwambia, "Hukujua. Mimi nilijua." Akashuka ngazi.

Wiki hiyo hakuenda kazini. Binti yake Shiko alikuja kutoka Kitui, akampikia, akakaa naye. Bilha alimsimulia yote, hata ile ngumi, hata mwaka wa baba yule kwenye geti. Shiko alisema kosa ni la aliyeua. Bilha alikubali kwamba ni la aliyeua. Lakini Mbithe alisema kwa mikono yake mara mbili, mara moja kituoni na mara moja juu ya duka la mbolea, mbele ya watu waliosomea kumsikiliza, na mara zote mbili aliyejibu ni Kimeu.

Aliporudi kazini alikwenda kwanza chuoni. Alimwomba Mwalimu Kitheka ile fomu ya miaka miwili iliyopita aifute alama yake na kuandika ya kweli. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Alimpa kiti, alimwagizia chai, akamweleza kwamba matokeo yamefungwa, kijana ana cheti, na kubadilisha namba leo hakumrudishi mtu. Bilha akasema basi afadhali wabadilishe njia ya kupima. Aliitwa mbele ya kamati. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu wasomi, na jina lake lilipotajwa aliona mmoja akimnong'onezea mwenzake, lakini safari hii alimaliza. Aliwaambia kwamba darasani wanamuuliza mwanafunzi anajua nini, na kwenye fomu wanamuuliza msimamizi anaona nini, na msimamizi anaweza kuwa mwoga kama yeye. Anayehudumiwa haulizwi na mtu. Aliomba ukurasa mmoja wa wao, wale wanaohudumiwa, na mkalimani pale anapohitajika, na alama zao zihesabiwe sawa na za mwalimu.

Kamati ilimshukuru na kuandika kumbukumbu. Baada ya miezi mitatu Mwalimu Kitheka alimletea majibu kwa mkono wake. Fomu ni ya chuo kizima na haiwezi kuguswa kwa sasa, alisema, ila wamechukua hatua. Katika mtihani wa somo la haki za binadamu wameongeza swali. Akamwonyesha: "Taja na ueleze njia tano za kumhudumia mteja kiziwi. Alama kumi na tano." Wanafunzi walikuwa wamefanya vizuri, wengi walipata kumi na moja na zaidi. Aliposema hivyo alitazama chini, na Bilha akaelewa kwamba naye anaona swali hilo halitoshi. Walikunywa chai.

Mei akaja msichana aitwaye Kanyiva, mwepesi wa kucheka, asiye na ubaya. Bilha hakungoja fomu ya chuo. Ilipofika wiki ya sita alikaa na watu sita ambao Kanyiva aliwahudumia, mmoja mmoja, akawauliza. Wawili walimsifu. Mwanamke kipofu alisema msichana humshika mkono na kumvuta bila kusema wanakwenda wapi. Mzee wa kiti cha magurudumu alisema msichana huongea na anayesukuma kiti, si na yeye. Wengine wawili walisema mambo ya namna hiyo hiyo. Bilha alimwita Kanyiva, akamweleza yote usoni. Kanyiva alilia, akasema hakuna aliyewahi kumwambia. Wiki zilizobaki alijaribu, na kuna siku alifaulu. Agosti Bilha alimpa mbili, akaandika sababu nyuma ya karatasi, na pia akaandika pale alipopiga hatua. Chuo kiliisoma mbili, kikakaa kikao, kikaipandisha ikawa tatu.

Mwaka huu Mei ilifika na hakuna mwanafunzi aliyeletwa. Barua ilisema ni sababu za kiutawala. Pasta Mutiso alimwita Bilha tena ofisini na kuomba naye, ingawa safari hii hakumshauri chochote, alionekana amechoka. Bila wanafunzi kituo kina mikono michache, na mazoezi ya viungo ambayo yalikuwa kila siku sasa ni mara mbili kwa wiki. Wenye kuumia kwa uamuzi wa Bilha ni wale wale aliotaka kuwatetea. Analijua hilo, na wao pia wanalijua, na mmoja wao amemwambia.

Mutunga alihamishiwa tawi la Kitui. Desemba iliyopita alimpigia Bilha simu, akasema anajifunza lugha ya ishara kila Jumamosi kwa mwalimu kiziwi wa huko, na kwamba ni ngumu. Bilha alimwambia aendelee. Kisha wakaagana.

Kesi ya Kimeu ilimalizika mwezi wa saba. Shtaka lilikuwa limepunguzwa, akakiri kuua bila kukusudia, na siku ya hukumu Bilha alikwenda kuketi nyuma. Hakuna mahali katika sheria palipomtaka aseme, maana si ndugu. Hakimu aliuliza kama familia ina neno juu ya marehemu kabla ya kifungo kutolewa. Shangazi alisimama, mwanamke mzee wa shambani, akiogopa chumba kile, na alitaka kumsema vizuri mtoto wa kaka yake.

"Alikuwa mpole," alisema. "Hakuwa msumbufu. Hakuwa na maneno."

Karani akaandika hivyo. Kimeu alipewa miaka tisa. Bilha alimsindikiza shangazi mpaka kituo cha magari, akambebea mfuko, akamngojea mpaka gari likajaa. Hakumsahihisha. Kisha akatembea kurudi kazini, kwa kuwa ilikuwa siku ya mazoezi na nesi alikuwa peke yake.